Nani atavaa njano Paris? Namna ya kutabiri mshindi wa mbio za baiskeli za wiki tatu

Julai 2023, hatua 15 za Tour de France zikiwa zimekwisha, Jonas Vingegaard wa Denmark alikuwa mbele ya Tadej Pogačar wa Slovenia kwa sekunde 10. Wiki mbili za kukanyaga, na tofauti ni sekunde 10. Ikafuata siku ya mapumziko, kisha Jumanne wakaingia kwenye mbio za saa za kilomita 22.4 hadi Combloux, kila mtu peke yake, na Vingegaard akamzidi mwenzake kwa sekunde 98. Jumatano wakaupanda Col de la Loze. Huko tofauti ya siku moja ikawa dakika 5 na sekunde 45. Walipofika Paris Vingegaard aliongoza kwa dakika 7 na sekunde 29, na karibu muda wote huo ulitoka kwenye siku hizo mbili.

Anayetaka kutabiri mshindi wa mbio hizi aanzie hapo. Wengi hujiuliza nani ana nguvu kuliko wote. Swali linalolipa zaidi ni hili: siku mbaya ya mtu huyu itamgharimu kiasi gani? Katika hatua 21 hata bingwa hupata siku ambayo miguu inagoma. Mmoja hupoteza sekunde 30 siku hiyo na kulala salama. Mwingine hupoteza dakika 5 na ndoto yake inaishia palepale mlimani. Hesabu zote zinazofuata zina kazi ya kuwatenganisha watu hao wawili mapema, kabla mbio hazijawatenganisha zenyewe.

Kwa asiyezifuatilia kwa karibu: mbio za wiki tatu za daraja la juu ni tatu kwa mwaka, Giro d'Italia mwezi Mei, Tour de France Julai, na Vuelta a España kuanzia Agosti hadi Septemba. Kila moja ina hatua 21, kwa kawaida siku mbili za mapumziko, na jumla ya kilomita 3,300 hivi, wakati mwingine zaidi. Muda wa kila hatua unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa wa msimamo wa jumla. Anayeongoza msimamo huo huvaa jezi ya njano kwenye Tour, ya waridi kwenye Giro, na nyekundu kwenye Vuelta. Mtu anaweza kushinda bila kushika nafasi ya kwanza kwenye hatua hata moja. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa ujana wake na David Kinjah pale Kikuyu, alitwaa Tour ya 2017 kwa njia hiyo. Tangu mashindano ya dunia yafanyike Kigali Septemba 2025, wafuatiliaji wa mchezo huu kwetu wameongezeka, na mijadala ya nani atashinda nini imekuwa moto. Ni vizuri mijadala hiyo ipate namba.

Ramani kwanza, majina baadaye

Waandaaji hutangaza njia miezi mingi kabla. Chukua michoro ya hatua zote 21 uigawe katika mafungu mawili: hatua ambazo wagombea wa ubingwa watafika pamoja, na hatua ambazo watatengana. Fungu la pili huwa dogo sana. Hatua za tambarare, ambako wenye mbio fupi za mwisho hugombea, karibu zote zinaingia fungu la kwanza, kwa sababu kundi kubwa likifika pamoja kila aliyemo hupewa muda uleule. Tena kuna kanuni ya kilomita 3 za mwisho, ambazo kwenye baadhi ya hatua huongezwa hadi 5: ukianguka au ukapata pancha ndani ya kilomita hizo kwenye hatua ya tambarare, unahesabiwa muda wa kundi ulilokuwamo. Kwenye hatua inayomalizikia mlimani kinga hiyo haipo.

Tour ya 2025 inaonyesha jinsi fungu la pili lilivyo dogo. Pogačar alimshinda Vingegaard kwa dakika 4 na sekunde 24. Katika mbio za saa za Caen, kilomita 33, alimzidi kwa dakika 1 na sekunde 5. Kwenye mlima Hautacam, hatua ya 12, dakika 2 na sekunde 10. Kesho yake katika mbio za saa za kupanda Peyragudes, kilomita 10.9 tu, sekunde 36. Jumlisha: dakika 3 na sekunde 51. Hatua tatu zimebeba karibu tofauti yote, na hatua nyingine 18, pamoja na sekunde za zawadi ambazo wanaofika mbele hupunguziwa kwenye muda wao, zimeongeza sekunde 33 tu.

Kwa hiyo kwenye kila hatua ya fungu la pili andika mambo manne. Mlima wa mwisho una urefu gani na mwinuko wa asilimia ngapi? Kilele kiko mita ngapi juu ya bahari? Kabla yake siku hiyo wamepanda mita ngapi? Na hatua hiyo iko wiki ya ngapi? Mlima wa kilomita 8 wenye mwinuko wa asilimia 7 katika wiki ya kwanza hutoa sekunde 10 mpaka 30. Mlima wa kilomita 15 wenye asilimia 9, ukiwa wa tatu kupandwa siku hiyo, wiki ya tatu, juu ya mita 2,000, hutoa dakika. Hewa ya huko ina oksijeni pungufu, na hata aliyefanya mazoezi milimani hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ila kila mwili hupoteza kwa kiwango chake. Col de la Loze kilele chake ni mita 2,304. Granon, mlima alikoishiwa nguvu Pogačar kwenye Tour ya 2022, ni mita 2,413. Hiyo si bahati.

Kilomita za mbio za saa zihesabu peke yake. Hapo hakuna wa kumkinga mtu upepo, hakuna wa kumvuta, na mwenye mwili mkubwa na nguvu nyingi za jumla hufaidi. Njia yenye kilomita 60 za mbio za saa za tambarare na njia yenye kilomita 15 ni mashindano mawili tofauti, hata kama jina na waliojiandikisha ni walewale.

Wati kwa kilo, na mipaka yake

Mlimani kinachoamua ni nguvu ukigawanya kwa uzito: wati kwa kilo. Timu nyingi hazitoi takwimu hizo hadharani, lakini unaweza kuzikadiria kwa saa tu. Chukua mita za kupanda wima, gawanya kwa muda ili upate mita kwa saa. Kisha gawanya jibu kwa jumla ya 200 na mara 10 ya asilimia ya mwinuko.

Mfano ni Alpe d'Huez, kilomita 13.8 kwa wastani wa asilimia 8.1, yaani mita 1,118 hivi za wima. Aliyepanda kwa dakika 40 amekwenda mita 1,677 kwa saa. Gawanya kwa 281, unapata karibu wati 6 kwa kilo. Plateau de Beille ni kilomita 15.8 kwa asilimia 7.9, mwaka 2024 Pogačar aliimaliza chini ya dakika 40, na hesabu hiyohiyo inatoa wati 6.7 hivi. Muda bora wa kabla yake, wa Marco Pantani mwaka 1998, ulizidi dakika 43, ambao ni kama 6.2. Pengo la namna hiyo ni kubwa mno. Kwenye mlima mkali wa dakika 40, asilimia 1 ya nguvu ni sekunde 20 na kitu. Mtu akiwa nyuma kwa asilimia 3 kwenye milima minne ya namna hiyo, ameshachelewa dakika 4 kabla hajaanguka, hajaugua wala hajakosea.

Sasa mipaka. Hesabu hii iamini pale tu mlima unapozidi asilimia 8 au karibu yake na unapochukua zaidi ya dakika 20. Kwenye mlima wa asilimia 5 kasi ni kubwa, na aliyejificha nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi, hivyo saa inadanganya. Upepo nao unadanganya. Wa nyuma unaweza kumpandisha mtu wa kawaida mpaka daraja la mabingwa kwenye karatasi yako. Na kosa linalorudiwa kuliko yote ni kulinganisha mlima uliopandwa mwisho wa hatua ya kilomita 120 na ule uliopandwa baada ya saa tano na joto la nyuzi 35. Makocha wa siku hizi hawaishii kwenye rekodi ya mtu akiwa hajachoka. Wanaangalia ana wati ngapi akiwa ameshatumia kilojuli 3,000 za nishati. Wapo wanaopoteza asilimia 2 tu kufikia hapo, wapo wanaopoteza 10. Kwa mtabiri, ushahidi ulio wazi wa jambo hili ni milima ya mwisho ya hatua ndefu, hasa za wiki ya tatu ya mbio zilizopita. Ushindi wa Februari kwenye mbio za siku tano usikupumbaze.

Mbio za saa zipime kwa sekunde kwa kilomita. Kule Caen mwaka 2025 Vingegaard alipoteza kwa Pogačar karibu sekunde 2 kwa kila kilomita. Combloux 2023, watu walewale wawili, Vingegaard ndiye aliyemzidi mwenzake kwa sekunde 4.4 kwa kilomita. Tofauti ya namna hiyo inatufundisha tusichukue matokeo ya mbio moja ya saa kuwa sheria. Combloux ilikuwa na mlima, ilikuwa wiki ya tatu, na ilifuata siku ya mapumziko, ambayo miili mingine huipenda na mingine huichukia. Caen ilikuwa tambarare, siku ya tano. Tafuta matokeo ya mtu kwenye njia inayofanana na itakayokuja, wiki inayofanana, halafu zidisha kwa kilomita.

Kupima siku mbaya

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa kila mgombea chukua mbio zake tatu za mwisho za wiki tatu. Orodhesha hatua zote za fungu la pili, na mbele ya kila moja andika muda aliopoteza kwa mgombea aliyefanya vizuri kuliko wote siku hiyo. Wastani wa safu hiyo una maana ndogo. Tazama namba mbili mbaya kuliko zote.

Ukishazipata, usiziache zikae peke yake. Kila namba mbaya ina sababu, na kinachohitajika ni kujua kama sababu hiyo bado ipo. Granon 2022, Pogačar alipoteza dakika 2 na sekunde 51. Tazama siku ilivyokwenda. Kuanzia mlima Galibier, zikiwa zimebaki kilomita nyingi, Vingegaard na Primož Roglič wa timu moja walimshambulia kwa zamu. Mmoja akichomoka, Pogačar anamfuata. Wakitulia, anachomoka wa pili, naye anafuata tena. Timu yake ilikuwa imeshawapoteza watu wawili kwa Uviko-19, akabaki kujibu mwenyewe. Kila mruko wa namna hiyo unachoma akiba ya wanga, na joto linazidisha. Kufika Granon hakuwa na kitu miguuni. Sababu zilikuwa tatu: upweke, tamaa ya kujibu kila shambulio, na urefu wa mlima kutoka usawa wa bahari. Mbili za kwanza zinarekebishika, na zilirekebishwa.

Loze 2023 ina sababu nyingine. Tarehe 23 Aprili mwaka huo Pogačar alianguka kwenye mbio za siku moja za Liège–Bastogne–Liège akavunjika kifundo cha mkono, mazoezi yakakatika, na Tour ilianza Julai 1. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Vingegaard: Aprili 4, 2024 alianguka kwenye mbio za Nchi ya Basque, pafu likaathirika, mtulinga na mbavu zikavunjika. Tour ikaanza Juni 29. Alimaliza wa pili, dakika 6 na sekunde 17 nyuma. Miaka miwili mfululizo, kati ya wawili hawa waliowazidi wengine wote, aliyevunjika Aprili alishindwa kwa zaidi ya dakika 6. Pogačar alikuwa amelingana na mpinzani wake mpaka hatua ya 15 ndipo akazima. Mwili uliokosa wiki kadhaa za msingi unaweza kukubeba siku 14, kisha unadai deni lake wiki ya tatu. Mgombea yeyote aliyeumia vibaya ndani ya miezi mitatu kabla ya kuanza, kata nafasi yake nusu, hata kama mahojiano yake yana matumaini kiasi gani.

Chakula nacho kinahusika na siku mbaya, ingawa hatukioni kwenye takwimu. Mlimani wanatumia gramu 90 mpaka 120 za wanga kwa saa, nyingi kwa kimiminika na jeli. Tumbo likigoma, au chupa ikikosekana kwenye dakika 40 muhimu, mtu anazima ghafla bila dalili. Wagombea wenye historia ya matumbo mabovu kwenye joto wapunguzie wiki ya tatu ya Tour na wiki ya kwanza ya Vuelta, ambayo huanza Agosti na mara nyingi huwa ya moto.

Mbio za maandalizi zinasema nini

Critérium du Dauphiné, ambayo tangu 2026 inaitwa Tour Auvergne-Rhône-Alpes, hatua nane mwezi Juni, ndiyo inayotazamwa zaidi kabla ya Tour. Kati ya 2012 na 2025, mshindi wa Dauphiné alishinda Tour ya mwaka uleule mara 7 kati ya 14: Bradley Wiggins 2012, Froome 2013, 2015 na 2016, Geraint Thomas 2018, Vingegaard 2023 na Pogačar 2025. Nusu ni nyingi. Lakini waangalie hao wenyewe: karibu wote walikuwa tayari kileleni mwa orodha kabla ya Juni. Dauphiné inathibitisha mkubwa aliyejulikana. Ni mara chache inakuletea mpya. Aliyeshinda hapo bila kuwahi kukaribia kumi bora za mbio za wiki tatu muongezee kidogo tu. Na bingwa aliyemaliza wa nne huku timu yake ikisema yuko kwenye wiki nzito ya mazoezi, usimtupe.

Watu nane

Kila timu huingiza waendeshaji 8. Usihesabu majina makubwa. Hesabu wangapi wanaweza kubaki mbele kundi likishapungua mpaka watu 15 kwenye mlima wa mwisho. Wawili ni wazuri, watatu ni hazina. Halafu angalia kama kuna mmoja mwenye mwili wa tambarare anayeweza kutangulizwa na waliochomoka mapema ili amsubiri kiongozi wake mbele. Hilo la mwisho ndilo lililoamua Giro ya 2025.

Asubuhi ya hatua ya 20, kijana wa Mexico Isaac del Toro alikuwa na jezi ya waridi. Richard Carapaz wa Ecuador alikuwa nyuma yake kwa sekunde 43, na Simon Yates wa Uingereza kwa dakika 1 na sekunde 21. Ulibaki mlima mmoja wa maana, Colle delle Finestre: kilomita 18.5, wastani wa asilimia 9.2, na sehemu ya juu ni barabara ya changarawe. Yates alikuwa amezama hapohapo mwaka 2018 akiwa na jezi ya waridi, akapoteza zaidi ya dakika 38 siku ambayo Froome alichomoka peke yake kilomita 80 kabla ya mwisho na kuichukua Giro. Safari hii Yates alichomoka, na wale wawili nyuma wakaanza kutegeana. Carapaz alimwona del Toro ndiye mwenye jezi, basi avute yeye. Del Toro alimwona Carapaz ndiye mwenye haja, basi avute yeye. Zikapita dakika. Juu ya mlima pengo lilikuwa tayari kubwa, na bondeni kuelekea Sestriere, Wout van Aert, mwenzake Yates wa timu aliyekuwa ametangulia na waliochomoka mapema, alimsubiri akamvuta kwa nguvu zote. Del Toro na Carapaz walifika dakika 5 na sekunde 13 nyuma yake. Yates akashinda Giro kwa dakika 3 na sekunde 56.

Ungeitabiri? Kumpa Yates nafasi ya kwanza asubuhi ile ingekuwa ujasiri kupita kiasi. Lakini kumpa asilimia 5 tu ilikuwa kosa. Dalili zilikuwa wazi: mlima mrefu na mkali uliobaki, wapinzani wawili walio karibu sana kwa muda kiasi cha kuogopana, na timu iliyokuwa na mtu wa tambarare mwenye injini kubwa. Wawili wa juu wakiwa chini ya dakika moja na wa tatu chini ya dakika mbili, wa tatu ana nafasi kubwa kuliko sekunde zinavyosema, kwa kuwa hao wawili watatazamana wao kwa wao.

Ajali, upepo na magonjwa

Tour nyingi za karibuni zimepoteza kama mtu mmoja kati ya watano kabla ya Paris. Wagombea wa ubingwa wanalindwa zaidi, kwa hiyo asilimia 10 mpaka 12 ni makadirio ya busara kwa wengi wao kutofika mwisho au kufika wakiwa wameumia vibaya. Wengine wana hatari kubwa zaidi. Roglič ameshinda Vuelta mara nne na Giro ya 2023, lakini aliiacha Tour ya 2021, ya 2022 na ya 2024, zote baada ya kuanguka. Kwake asilimia 12 ingekuwa ndoto. Remco Evenepoel aliondoka Giro ya 2023 kwa Uviko-19 akiwa ndiye anayeongoza.

Upepo wa ubavuni ndio adui asiyeonekana kwenye mchoro wa hatua. Kwenye Tour ya 2013, katika hatua tambarare kabisa iliyoishia Saint-Amand-Montrond, Alejandro Valverde alikuwa wa pili kwenye msimamo. Gurudumu likaharibika, akasimama kubadilisha, na kundi likiwa limeshakatika vipande kwa upepo hakuwahi kulifikia tena. Alipoteza karibu dakika 10. Ukiona hatua inayopita tambarare zilizo wazi, tazama utabiri wa hewa siku mbili kabla, na ujiulize ni mgombea gani hukaa nyuma ya kundi kwa mazoea. Huyo mpunguzie asilimia.

Kuweka asilimia

Jina moja tu si utabiri. Andika asilimia kwa wagombea wote, na jumla iwe 100. Tuseme baada ya ramani, wati na siku mbaya, unaona wa kwanza angeshinda mara 65 kati ya 100 kama kila mtu angefika mzima. Zidisha kwa 0.88 kwa ajili ya ajali na ugonjwa: 57. Kilichopungua hakipotei, kinawaendea wengine: wa pili 26, wa tatu 7, na waliobaki wote kwa pamoja 10. Hiyo 10 ya mwisho watu huisahau. Ndiyo nafasi ya akina Tao Geoghegan Hart, aliyeshinda Giro ya 2020 baada ya kiongozi wa timu yake, Geraint Thomas, kuanguka siku za mwanzo.

Odi za kampuni za kubeti zinafaa kwa kujilinganisha. Gawanya 1 kwa odi upate asilimia: odi 1.50 ni 66.7, 3.50 ni 28.6, 15 ni 6.7, na mbili za 34 ni 2.9 kila moja. Jumla yake ni 107.8, ile ziada ni faida ya kampuni. Gawanya kila moja kwa 1.078, na yule wa 66.7 anashuka hadi 62. Ukiwa umempa 57 na soko limempa 62, hamjapishana. Ukiwa umempa 35, kuna kitu wanakijua au wewe unakijua, na ni vizuri ukakitafuta kabla ya kujiamini.

Mbio zikianza, badilisha namba kwa sababu, usibadilishe kwa hisia. Muda uliopotea kwa pancha uhesabu kama deni la sekunde tu; miguu iko palepale. Muda uliopotea kwa kuachwa mlimani ni habari kuhusu mwili, na uzito wake ni zaidi ya sekunde zenyewe. Muda uliopatikana kwa kuchomoka mapema nao una hesabu yake. Vuelta ya 2024, Ben O'Connor alichomoka hatua ya 6 na kuimaliza akimwongoza Roglič kwa karibu dakika 5 kwenye msimamo, akavaa jezi nyekundu kwa siku nyingi, na Roglič akamla polepole mpaka akampita hatua ya 19. Vuelta ya 2023, Sepp Kuss alipata muda wake pia hatua ya 6, tena kwa kuchomoka, na alishinda kwa sekunde 17. Tofauti ilikuwa kwamba wapinzani wa Kuss wenye nguvu kuliko wote, Vingegaard na Roglič, walikuwa wa timu yake. Kwa hiyo gawanya uongozi wa namna hiyo kwa idadi ya hatua za kupanda zilizobaki. Dakika 5 kwa hatua tano ni dakika moja kila hatua, na mtu aliyezoea kupoteza dakika moja na nusu kwa walio bora hatafika nayo mwisho. Jezi yenyewe haiongezi wati. João Almeida aliivaa ya waridi siku 15 mwaka 2020, na Julian Alaphilippe ya njano siku 14 mwaka 2019, na hakuna kati yao aliyeshinda.

Kila siku ya mapumziko andika asilimia upya bila kutazama za mwanzo, kisha linganisha. Mbio zikiisha, chukua asilimia uliyompa mshindi kabla ya hatua ya kwanza, itoe kwenye 1, na jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe. Uliyempa 0.57 anakupa 0.18, uliyempa 0.05 anakupa 0.90. Ndogo ni nzuri. Fanya hivyo kwa Giro, Tour na Vuelta za misimu miwili, na odi za kampuni uzipigie hesabu hiyohiyo, ndipo utajua kama unachokiona kwenye ramani kinakusaidia au la.